Chupa Nyepesi Bado Inawaka

Maabara, chumba cha chini
3 Februari

Kaka yangu,

Kifurushi hiki usikifungulie dukani kati ya redio za watu. Kifungue nyumbani, mezani, mikono ikiwa mikavu. Ndani utakuta chupa ndogo yenye maji meupe kama yaliyooshewa brashi ya chokaa, chupa nyingine kama hiyo lakini tupu, chupa kubwa ya maji safi, tochi nyeusi, miwani ya kijani, na kadi yenye viwango kumi vya kijani, kuanzia namba moja kilichofifia mpaka kumi, kile cha jani changa.

Ndani ya maji meupe mna chembe. Ukiniuliza ni ndogo kama nini sina cha kukulinganishia, maana unywele mmoja kwazo ni barabara kuu. Zimejengwa kwa floraidi na madini adimu, kisha tumezitia kidogo madini mengine mawili ya ukoo huohuo, unaoitwa lanthanidi, kama mtu anavyotia chumvi. Tochi hiyo inatoa mwanga ambao jicho haliuoni. Chembe zinaupokea na kuurudisha ukiwa kijani. Uvae miwani, na usiitazame tochi hata kama inaonekana imezimika. Nakujua.

Kazi yenyewe ni hii. Siku moja chembe hizi zitatumika zahanati kuonyesha ugonjwa kwenye tone la damu. Zikiwa nyingi ndani ya maji hazina shida. Zikiwa chache, maji yanazila polepole, muundo wake unavunjika, na mwanga unakufa. Chembe zikizimika, kipimo kitamwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Tunataka kujua zinadumu muda gani kwenye chumba cha kawaida chenye joto. Nikamwambia Profesa, mkuu wa maabara yetu, kwamba nina kaka fundi redio, mtu wa mkono mtulivu, ambaye chumba chake kina joto kuliko tanuri letu. Akakubali.

Chupa nyepesi, yenye chembe chache, haiwezi kusafiri, ingefia njiani. Utaichanganya mwenyewe: matone matano kutoka chupa nzito, ile ya maji meupe, uyatie kwenye chupa tupu, kisha ujaze maji safi niliyokutumia mpaka kwenye mstari. Maji hayo, si mengine. Kila Jumatatu ingia gizani, zimulike zote mbili, ulinganishe na kadi, uniandikie. Profesa hataki ujumbe wa simu, anataka karatasi iliyosainiwa.

Mimi bado niko kwenye mkataba wa majaribio. Kamati itakaa tarehe 24 Aprili kuamua kama nabaki au narudi nyumbani, na hizi chupa ndizo kazi pekee niliyopewa kwa jina langu. Kwa hiyo nakuomba.

Huku tunavaa barakoa kutwa nzima. Wenzangu wanalalamika. Mimi silalamiki.

Msalimie Mama.

Mdogo wako


Nyumbani
11 Februari

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika salama isipokuwa boksi, ambalo kondakta alilikalia safari nzima akidhani ni kiti chake. Chupa zote zimepona.

Nimechanganya. Matone matano, nimeyahesabu kwa sauti. Nimejaza mpaka kwenye mstari. Chupa nzito nimeiita Tajiri, nyepesi nimeiita Mnyonge, maana kuandika "sampuli ya kwanza" na "sampuli ya pili" kunanipa usingizi.

Tatizo lilikuwa giza. Hii nyumba haina giza mchana, na usiku nikizima taa Mama anauliza nani amekata umeme. Nimezunguka vyumba vyote nikaona giza la kweli liko sehemu moja tu, ndani ya kabati la nguo la Mama. Basi Jumatatu baada ya chakula nikaingia na kigoda, nikajifungia.

Sikiliza, huko maabara pengine mmeshazoea. Mimi nimekaa miaka yote hii na balbu, taa za redio, runinga zilizopasuka, nikidhani mwanga naujua. Nikabonyeza tochi. Hakuna kitu. Nikaielekeza kwenye Tajiri, na katikati ya chupa ukasimama mstari wa kijani kama uzi uliotungwa hewani. Nikaiondoa, giza. Nikairudisha, uzi. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko utafiti unavyohitaji.

Kuna kioo nyuma ya mlango wa kabati. Nikajiona nimeachama, na meno yangu haya ya kahawia yamekuwa ya kijani. Mara ya kwanza katika maisha yangu yana rangi ya heshima.

Ndipo Mama akafungua mlango kutafuta shuka.

"Unafanya nini humo?"

"Utafiti."

"Wa nguo zangu?"

Nikainua chupa. Akachukua shuka, akafunga mlango taratibu, nikamsikia anamwambia jirani kwamba mimi ni mzima, ni mambo ya mdogo wangu tu.

Tajiri: tisa. Mnyonge: sita.

Kaka yako,
Fundi Redio, na sasa Mtu wa Utafiti


Maabara, chumba cha chini
9 Machi

Kaka,

Karatasi zako zote zimefika. Profesa amezipanga mezani kwa tarehe na amezunguka jambo moja kwa kalamu nyekundu.

Tajiri wako ni tisa, tisa, tisa, tisa. Hilo sawa, hata nzito yetu iko hivyo. Lakini Mnyonge wako ni sita, sita, sita, sita. Mnyonge wetu, aliyechanganywa wiki hiyohiyo, kwenye chumba chenye kiyoyozi, alianza sita akawa nne, akawa mbili, na leo nimemmulika nikaona maji tu. Nimebadilisha tochi. Nimesafisha miwani. Maji.

Kama chupa ya kwetu, inayolelewa kama mtoto mchanga, imekufa, ya kwako kwenye joto ilipaswa kufa kabla yake. Joto linaharakisha. Hilo hakuna anayebisha.

Sikulaumu. Nataka kuelewa tu. Unaisoma kadi vizuri? Unaimulika Mnyonge kweli, si Tajiri mara mbili? Maji uliyotia ni yale niliyokutumia?

Mdogo wako


Nyumbani
17 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimebaki nimekaa.

Ulinituma niangalie kama inawaka. Inawaka. Nikakuandikia inawaka. Sasa unaniandikia kwa nini inawaka. Ingekuwa redio, mteja akaja kunilaumu kwamba bado inaimba, ningemshika mkono nimpeleke kwao.

Kadi naisoma vizuri. Mimi natofautisha nyaya za rangi kumi na mbili kwa mwanga wa kibatari. Tajiri nimemfunga uzi mwekundu shingoni, Mnyonge hana kitu, kama jina lake. Siwezi kuwachanganya hata nikiwa nimelala.

Maji yalifika mstarini, na hayajapungua.

Hao wa kwenu pengine wamekufa kwa baridi. Umewahi kufikiria hilo? Chumba chenye kiyoyozi, hakuna mtu wa kuzungumza naye, watu wote wameficha nyuso. Hata mimi ningezimika.

Tajiri: tisa. Mnyonge: sita. Naandika sita kwa sababu ni sita. Ukitaka niandike nne, sema, lakini usaini wewe.

Mama anauliza lini atarudishiwa kabati.

Kaka yako


Maabara, chumba cha chini
27 Machi

Kaka,

Leo Profesa amenisimamisha mbele ya wenzangu wote. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Amesema kuna njia mbili tu za chupa nyepesi kuwaka hivyo. Ya kwanza, anayeitunza anaiongezea matone kutoka chupa nzito kila inapofifia, ili afurahishe watu. Ya pili, mimi mwenyewe nimepanga na kaka yangu tupate namba nzuri kabla ya kamati. Akataja mtu aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu, ambaye namba zake zilikuwa nzuri mno, na ambaye sasa anauza vifaa vya ofisi.

Mwenzangu mmoja mrefu wa meza ya pili aliniangalia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nijibu swali moja tu kwa ndiyo au siyo. Uliongeza matone?

Na mtume Mnyonge kwa basi la kwanza. Tutahesabu chembe zilizomo. Nisipopata maelezo mpaka tarehe 24 Aprili, nafungasha.

Umeniambia maji yalifika mstarini. Hukuniambia ni maji gani. Nimelitambua hilo leo, nikiwa nimesimama pale mbele.

Mdogo wako


Nyumbani
1 Aprili

Mdogo wangu,

Siyo.

Mnyonge yuko ndani ya soksi ya sufu, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na safari hii nimeandika juu ya mkebe USIKALIE.

Sijawahi kumwongezea mtu sauti redio yake ili aone nimeitengeneza. Nilidhani unajua hilo.

Fundi


Maabara, chumba cha chini
8 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu Kaka ameniandikia mistari minne na kusaini Fundi, na najua maana yake.

Naomba unisikilize hata kama baadhi ya maneno ni ya huku. Ile chupa aliyotuma tumeipima. Bado inawaka. Tumehesabu chembe zilizomo, ni zile za matone matano, hazijaongezwa hata moja. Kwa hiyo Kaka hakudanganya kuhusu matone, na mwambie naomba radhi. Lakini sasa Profesa anasema basi tulichezea kitu kingine, maana chembe chache ndani ya maji matupu haziwezi kukaa hivyo. Ameanza kuniita kwa cheo changu badala ya jina, na mimi nimeanza kupotea. Nalala nikiwaza chupa, naamka nikiwaza chupa. Jana nimetia ufunguo wa nyumba kwenye mlango wa jokofu.

Mama, wewe hujui kudanganya, hata ukinyamaza unaonekana. Kaka alitia maji gani?

Mwanao


Nyumbani
13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Naandika mwenyewe. Miwani yangu kaka yako ameifunga kwa waya wa redio kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka lawama ni zake.

Umeuliza maji nami nitakwambia na yaishe. Siku kile kifurushi kilipofika nilikuwa natoka juani. Nikakuta chupa mezani imejaa maji, imefungwa vizuri, hakuna mtu. Nikanywa. Sikuacha kitu. Maji hayana ladha hata kidogo, ni kama kunywa kitu ambacho hakipo. Nikamwambia kaka yako haya maji ya dukani mnayanunulia nini.

Akanitazama kama nimemeza saa ya mkononi. Mama unajisikiaje. Nikamwambia najisikia nimekunywa maji. Baada ya muda mfupi anakuja tena, Mama unajisikiaje, Mama toa ulimi. Wiki nzima naangaliwa kama redio iliyoletwa ikiwa inavuta moshi. Mara moja alitaka kunimulika na ile tochi yenu nikamfukuza na mwiko.

Alisema nisikwambie. Alisema utapata wasiwasi kuwa nimekunywa vitu vya maabara, na akiomba maji mengine watampa kazi mtu mwingine. Mwanangu, ile kazi anaipenda. Ameiandika kwenye kibao cha duka chini ya Fundi Redio.

Basi akachota maji ya kisima chetu akayachuja kwa kitambaa changu cheupe cha meza mara mbili. Ya betri aliyakataa maana yale ya duka la jirani yalimtoboa suruali.

Na mimi nakuuliza wewe uliyesoma. Maji ya kisima yana ubaya gani? Mimi nimekulia hayo na ninyi mmekulia hayo. Yametutia rangi meno, sikatai, watoto wote wa hapa meno ni hayohayo. Lakini chupa haina meno. Sasa kimeharibika nini?

Rudi ukitaka kurudi. Kitanda chako kipo. Lakini usirudishwe.

Mama yako


Maabara, ngazi za chini
16 Aprili

Kaka,

Barua ya Mama nimeisomea hapa kwenye ngazi, na nitakuandikia kwa mpangilio ulivyokwenda kichwani mwangu, usije ukadhani nilikuwa na akili tangu mwanzo.

Kwanza nilikasirika. Umeniacha nisimame mbele ya watu nikitetea maji ambayo yalikuwa tumboni mwa Mama.

Pili nilichanganyikiwa kuliko mwanzo. Maji ya kisima yana chumvi, yana vumbi, yana kila kitu. Yangemuua Mnyonge mapema zaidi. Kwa hiyo sasa nina kosa, nina mkosaji, na bado sina jibu. Nilicheka peke yangu, mlinzi akapanda ngazi kuangalia.

Tatu nikaisoma tena, nikafika kwenye meno, nikasimama.

Nilikwenda chooni nikashusha barakoa mbele ya kioo. Sijakwambia hili, na naona aibu kuliandika. Hapa hakuna aliyewahi kuniona nikicheka. Nilipofika niliwaambia natoka mjini kwa shangazi, kule wanakokinga maji ya mvua. Chakula nakula peke yangu nyuma ya stoo. Mkataba ukisainiwa nilipanga kwenda kuyafunika haya meno kwa meupe, kisha ndipo nianze kuzungumza na watu.

Sasa sikiliza. Meno yetu yamekuwa hivi kwa sababu kisima chetu kimejaa floraidi, ile waliyotufundisha shuleni mwalimu akafuta ubao haraka. Na chembe zimejengwa kwa nini? Kwa floraidi. Maji matupu tunayoyaita safi yana njaa. Yanamega floraidi kutoka kwenye chembe mpaka yashibe. Chembe zikiwa nyingi, kama kwa Tajiri, yanamega kidogo kwa kila moja, yanashiba, yanatulia. Zikiwa chache zinaliwa zote kabla hayajashiba. Lakini maji ya kisima chetu yamekuja yameshiba tayari. Yamemkuta Mnyonge, yakamwacha alivyo.

Nimemimina floraidi kidogo kwenye chupa mpya nyepesi. Inahitaji wiki kadhaa kuonyesha kitu, na mimi nina siku nane. Niletee dumu la maji ya kisima, na karatasi yenye ukweli wote, umesaini.

Nimekukasirikia bado. Lakini ungefuata maelekezo, na Mnyonge wako naye angekufa, na tungekuwa na chupa mbili zilizokufa na hakuna anayejua kwa nini.

Mdogo wako


Nyumbani
19 Aprili

Mdogo wangu,

Dumu limeondoka na basi la asubuhi. Kondakta aliuliza ni maji ya nini, nikamwambia ya utafiti, akaniuliza kama huko yanakokwenda hakuna bomba.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Nimeandika kila kitu isipokuwa kwamba Mama hakuacha kitu; nimeandika "maji yalipungua". Mama ameisoma akasema nirekebishe, hataki uongo kwenye karatasi ya serikali. Nimemwambia si ya serikali. Akasema hata hivyo. Kwa hiyo sasa imeandikwa "yalinywewa na mama mzazi".

Sikukwambia kwa sababu niliogopa mambo mawili. La kwanza Mama ameshakwambia. La pili ni kwamba nilitaka kuendelea kuingia kwenye kabati. Mtu akikaa na redio za watu miaka yote, anasikia ya kila mahali na hakuna linalomhusu. Hili lilinihusu.

Kuhusu meno. Sikujua. Nilidhani ukiwa huko unacheka kama unavyocheka hapa, mpaka majirani wanauliza kuna nini. Nimejaribu kukupiga picha kichwani ukila nyuma ya stoo, nikashindwa, nikaenda kulala mapema.

Hayo ya maji yenye njaa nimeyaelewa nusu. Nusu nyingine nitaielewa ukishinda.

Kaka yako


Maabara, chumba cha chini
25 Aprili

Kaka na Mama,

Nawaandikia wote wawili, someni kwa pamoja, na Kaka asome kwa sauti ya kawaida, si ile ya mtangazaji.

Kamati walikuwa watano. Profesa katikati, daktari mmoja wa hospitali kuu mwishoni mwa meza, na wengine watatu ambao sikujua majina yao hata tulipomaliza. Nilieleza yote: maji yaliyonywewa, kisima, kitambaa cha meza. Mmoja aliandika "kitambaa" akapiga mstari chini yake. Kisha nikaweka kipimo cha floraidi cha maji ya dumu. Namba ni kubwa, niliipima mara nne.

Profesa akavua miwani yake.

"Hakuna kisima chenye floraidi kiasi hiki watu wakanywa."

"Kipo."

"Mtu anayeweza kuongeza matone anaweza pia kutia floraidi kwenye dumu."

"Matone hayakuongezwa. Mlihesabu wenyewe."

"Ndiyo, na dumu lilifika juzi, likiwa limetoka kwa kaka yako. Mimi nitajuaje kilichotiwa ndani lini? Unataka niamini maji kwa neno lako. Nani anayanywa haya?"

Nilikuwa na la kusema kuhusu jinsi ya kutuma mtu akapime, safari ya siku mbili, na mkataba unaokwisha Ijumaa. Sikulisema. Nikamwambia, "Mimi. Tangu nazaliwa."

Nikashusha barakoa nikacheka. Si lile tabasamu la picha. Nilifungua mdomo wote, mpaka magego, nikabaki hivyo kama mtu anayesubiri dawa ya matone.

Yule mwenzangu mrefu alikuwa mlangoni na trei ya chupa, akaiweka sakafuni. Daktari akasimama, akazunguka meza, akaniinamia akauliza kama anaweza kutazama. Akanigeuza kidevu kuelekea dirishani.

"Yana mistari," akasema. "Haya yalitiwa rangi utotoni, kabla hayajaota. Hayatiwi juzi." Halafu akanigeukia mimi: "Ni watoto wote huko, au wewe tu?"

"Wote."

Akamwambia Profesa, "Dumu unaweza kulichezea. Hili huwezi."

Profesa alinitazama mdomoni. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka kama amewahi kuona nusu ya chini ya uso wangu. Mwishowe akauliza ile chupa mpya niliyotia floraidi nimeianza lini, nikamwambia, akasema niiendeleze. Nikauliza mpaka Ijumaa? Akasema mpaka mwaka ujao mwezi kama huu, na nisimuulize tena maswali ambayo majibu yake anayaandika.

Nimebaki.

Daktari anataka kuja kwenye kisima. Anasema chupa zinayapenda maji hayo lakini watoto hawapaswi, na kuna namna ya kuyachuja isiyohitaji kitambaa cha meza. Mama, atakuuliza kama viungo vya mwili vinakuuma, maana floraidi huingia hata mifupani. Mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi.

Sijaelewa bado ninavyojisikia. Jana nilikula chakula mezani na wenzangu, na nilikuwa na njaa kiasi kwamba nilisahau kuziba mdomo. Mrefu akaniambia kitu cha kuchekesha kuhusu Profesa. Sikumbuki ni nini, ila nilicheka.

Wametupiga picha mpya za vitambulisho. Naambatanisha yangu.

Mdogo na mwana wenu


Nyumbani
4 Mei

Mdogo wangu,

Nimepokea barua mbili. Moja yako, nyingine ya Profesa, yenye mhuri, inayoniarifu kwamba kwa kukiuka maelekezo nimeondolewa kwenye utafiti. Nimefukuzwa kazi ambayo sikuwahi kuajiriwa. Barua nimeiweka kwenye fremu dukani, na wateja wanaisoma kwa heshima. Kibao sijakifuta, nimeongeza tu neno "mstaafu".

Hata hivyo Jumatatu niliingia kabatini na Tajiri. Tisa. Hakuna aliyeniuliza, nimekwambia tu.

Sasa picha yako. Mama aliipokea akaiweka mbali, akaiweka karibu, akabadilisha miwani, akarudisha ile ya waya. Unakumbuka kila tulipokwenda kwa mpiga picha alivyokuwa anasimama nyuma ya kamera anatuonyesha kwa kidole: midomo. Picha zote za nyumba hii tumekaa kama watu wanaosubiri hukumu. Yeye mwenyewe ya harusi yake, hivyohivyo.

"Nani amemwambia afungue?" akauliza.

Nikamwambia hakuna.

"Na hawakumfukuza?"

Nikamwambia ndiyo maana hawakumfukuza. Nikaanza kumweleza maji yenye njaa na maji yaliyoshiba, kwa vikombe viwili na vifungo vya shati, nikafika katikati nikapotea, yeye alikuwa ameshapotea mwanzoni, tukakaa tunaangalia vifungo. Akaondoka na picha. Nimeikuta baadaye imebandikwa kwenye kioo cha ndani ya kabati.

Jana alinijia dukani amevaa gauni lake la bluu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia nitoe simu nimpige picha, akutumie. Nikainua simu. Amekaa vizuri, mgongo umenyooka, mdomo umefungwa kama bahasha.

Nikamwambia, "Mama, cheka."

"Kwa sababu gani?"

"Utafiti," nikasema.

Akanyoosha gauni.

"Basi piga haraka," akasema, na picha nimeichapisha, iko ndani ya bahasha hii.

Kaka yako